Kula Mgahawani Arras, Kaskazini mwa Ufaransa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kiangazi kikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe. Binamu yuko London, rafiki tuliyesoma naye yuko Brussels, jirani wa zamani wa Tanga amepata safari ya kikazi Paris na ana siku moja ya ziada. Wote wanataka kuja Arras, na wakishamaliza kuuliza kama kuna baridi, wanauliza habari ya chakula. Nimechoka kuandika majibu yaleyale kila mwaka, kwa hiyo nimeyaweka hapa.

Kwani Arras kuna nini hata niache migahawa ya Paris?

Arras ni makao makuu ya mkoa wa Pas-de-Calais, kama kilomita 180 kaskazini mwa Paris. Treni ya kasi, TGV, kutoka stesheni ya Gare du Nord ya Paris huchukua takriban dakika 50. Ukishuka stesheni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu unakufikisha kwenye viwanja viwili vikubwa vilivyo jirani, Place des Héros na Grand'Place. Vimezungukwa na nyumba 155 za mtindo wa Kiflandria, yaani wa upande wa Ubelgiji, zilizoshikana ubavu kwa ubavu, kila moja na kilele chake kilichopindapinda, na chini ya matao yake ndiko migahawa mingi ilikojipanga. Vita Kuu ya Kwanza iliuponda mji huu. Mnara wa saa wa ukumbi wa mji uliangushwa na mizinga mnamo Oktoba 1914, wakaujenga tena kama ulivyokuwa.

Chakula chake kina undugu na Ubelgiji kuliko Paris. Bia inaingia chunguni mahali ambapo kwingine Ufaransa wangetia mvinyo, mchuzi ni mzito, na chipsi zinaandamana na karibu kila kitu. Bei nazo ni za kibinadamu.

Nifike saa ngapi?

Hapa ndipo wageni wangu wengi wanapoumia. Jiko hufunguliwa mara mbili tu kwa siku: mchana kuanzia saa sita hadi saa nane, na usiku kuanzia saa moja hadi saa tatu na nusu, pengine saa nne mwishoni mwa wiki. Katikati ya hapo mlango unaweza kuwa wazi na watu wamekaa wanakunywa kahawa, lakini mpishi ameshavua aproni. Ukiingia saa nane kasorobo ukitegemea mlo kamili, utaangaliwa kama mtu aliyekuja msibani siku ya arobaini. Ukichelewa, tafuta mahali palipoandikwa "service continu", maana yake jiko halifungwi. Viwanjani pale hupakosi, ingawa mara nyingi si hapo penye mpishi bora.

Halafu kuna suala la saa yenyewe. Wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane: 12h ni saa yetu ya sita mchana, 19h ni saa moja usiku, 20h30 ni saa mbili na nusu. Mjomba wangu, ambaye Kifaransa chake alijifunza Bujumbura na anakijua vizuri kunishinda, alipiga simu mwenyewe kutuwekea meza ya mchana saa saba. Akasema "sept heures". Mgahawa ukaandika saa moja usiku, na haki yao. Saa saba mchana tukasimama mlangoni watu wanne, tumevaa tukapendeza, jina letu halipo. Mjomba alishikilia hadi jioni kwamba kosa ni la Wafaransa. Nyie semeni "treize heures", yaishe.

Jambo jingine: ukialikwa na mzee wa huku kwa "dîner", muulize ni mchana au usiku. Ufaransa nzima "dîner" ni chakula cha usiku, lakini wazee wa kaskazini bado wanaita hivyo mlo wa mchana, na cha usiku wanakiita "souper".

Kuna siku za kuepuka?

Jumapili usiku na Jumatatu. Migahawa mingi hufungwa ili wafanyakazi wapumzike. Jumatano na Jumamosi asubuhi kuna soko viwanjani, na la Jumamosi ni kubwa kweli: kuku wa kuokwa wanazunguka kwenye vyuma, jibini, maua, mboga za wakulima wenyewe. Siku hizo kufika saa sita na nusu bila kuweka meza ni kubahatisha.

Ni lazima kuweka meza mapema?

Ijumaa na Jumamosi usiku, ndiyo. Mchana wa katikati ya wiki mkiwa wawili, hapana. Ila zingatieni idadi. Sisi tumezoea kwamba meza ya watu sita inaweza kupokea wa saba na wa nane, watajibana tu. Hapa mgahawa wa viti thelathini umepanga kila kiti. Siku moja tuliweka meza ya sita tukatokea tisa, kwa sababu kila aliyealikwa alimwalika mwenzake. Mwenye mgahawa hakutufukuza, lakini aliwaweka watatu upande wa pili wa ukumbi karibu na choo, na sherehe ikawa ya kupungiana mikono. Watu wakiongezeka, piga simu mapema. Ukiona huji, piga pia.

Nikifika mlangoni nifanye nini?

Sema "bonjour", au "bonsoir" ikiwa jioni, kabla ya neno lolote lingine. Ichukulie kama hodi. Mtu anayeanza na "nataka meza ya watu wawili" bila salamu ni sawa na aliyeingia ukumbini kwa watu bila kupiga hodi, na mhudumu atakulipa kwa sura hiyohiyo hadi mwisho wa mlo. Kisha subiri uoneshwe pa kukaa. Usijichagulie meza, hata kama ukumbi mzima ni mtupu. Kumwita mhudumu, inua mkono kidogo na useme "s'il vous plaît". Usipige makofi, usipige mluzi, na lile neno "garçon" la kwenye filamu liache hukohuko kwenye filamu.

Menyu siielewi. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ubao ulioandikwa kwa chaki. Pale kuna "plat du jour", chakula cha siku, ambacho mara nyingi ndicho kipya zaidi na cha bei nafuu zaidi. Karibu yake utaona "formule": chakula kikuu pamoja na cha kuanzia, au chakula kikuu pamoja na kitamutamu, kwa bei moja. Neno "menu" kwao maana yake ni mlo uliokwisha kupangwa. Orodha yenyewe inaitwa "la carte". Na "entrée" ni cha kuanzia.

Wakikuuliza nyama uiveje, majibu ni manne. "Bleu" ni kama imesalimiana na moto ikaenda zake. "Saignant" ina damu. "À point" wanaiita ya kati, ila kwa macho yetu bado ni mbichi. Sema "bien cuit" bila aibu. Mpishi atanung'unika jikoni, wewe hutamsikia.

Ukiona alama ya kijichungu chenye paa la nyumba, au maneno "fait maison", maana yake chakula kimepikwa palepale kwa viungo vibichi, si cha kupashwa moto kutoka kwenye pakiti. Mimi huitafuta.

Estaminet ni nini?

Zamani ilikuwa kilabu cha bia cha wachimba makaa, wafumaji na wakulima wa kaskazini. Siku hizi ni mgahawa wa kienyeji: meza za mbao, mabango ya zamani ukutani, pengine na michezo ya mbao, mmoja ukiwa wa kurusha visahani vya chuma kinywani mwa chura. Ukiwa na mlo mmoja tu Arras, uulie huko. Baadhi ya migahawa ya Grand'Place ina vyumba vya chini ya ardhi vyenye dari za matao, kwa maana mji wote umekaa juu ya mashimo ya chokaa yaliyochimbwa tangu zama za kati, wenyewe wanayaita "boves". Huko chini kuna ubaridi hata Julai, kwa hiyo beba mtandio.

Niagize nini cha kwao hasa?

Wa kwanza kwangu ni carbonnade. Ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole kwa bia nyeusi na vitunguu vingi, ikitiwa vipande vya mkate uliopakwa haradali na sukari guru kidogo, hadi mchuzi unakuwa wa kahawia, mzito, wenye utamu kwa mbali. Nyama inakatika kwa uma. Huletwa na chipsi, na chipsi zile kazi yake ni kuchovya mchuzi. Usizile peke yake ukamaliza.

Potjevleesch usiogope jina lake, ni Kiflandria, yaani kijichungu cha nyama. Nyama nyeupe, mara nyingi kuku, sungura, ndama na nguruwe, hupikwa kisha huachwa igande kwenye rojorojo yake, na huliwa baridi. Mgeni akiiona hushtuka. Weka chipsi za moto juu yake, rojo inayeyuka na kuwa mchuzi. Nusu ya wageni wangu huipenda. Nusu nyingine hunikumbusha kila mwaka kwamba niliwalisha nyama ya baridi.

Welsh ni jibini ya cheddar iliyoyeyushwa kwa bia na kumwagwa juu ya mkate na nyama ya paja la nguruwe, na yai juu ukitaka. Inakuja ikichemka. Ni nzito mno. Kama ulipanga kuupanda mnara wa saa, wenye mita 75, upande kwanza.

Andouillette ni soseji ya utumbo, na Arras ina yake. Ya kienyeji hasa ni ya utumbo wa ndama, ingawa mezani utakutana sana na ya nguruwe, kwa hiyo uliza. Kama umekulia kwenye mutura au supu ya utumbo, hapa ndipo utakapowashangaza Wafaransa wenyewe, maana wengi wao hawaigusi.

Kisha kuna jibini ya Maroilles, inayotoka upande wa mashariki wa eneo hili, Thiérache. Harufu yake nitailinganisha na papa mkavu: anayemjua anaanza kumeza mate, asiyemjua anafungua madirisha. Ikiokwa kwenye tarti harufu hupoa, na ladha inayobaki ni laini kuliko pua ilivyokutisha.

Mwishoni, tarti ya sukari. Cœurs d'Arras, yaani mikate midogo ya viungo na asali yenye umbo la moyo, nunua dukani uende nayo kwenye treni. Panya wa chokoleti utakaowaona madirishani ni utani wa jina la mji: Arras, "à rats".

Nimeona "américain" kwenye menyu. Ni baga?

Inategemea umekaa wapi. Kwenye kibanda cha chipsi, "américain" ni mkate mrefu uliojazwa nyama na chipsi ndani. Mgahawani, "filet américain" ni nyama ya ng'ombe ya kusaga, mbichi kabisa, iliyochanganywa na viungo. Nimeshuhudia rafiki akiletewa ya pili akitegemea ya kwanza. Alikula chipsi tu siku ile, na nyama nikaila mimi.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Nitakuwa mkweli: chakula cha kienyeji cha huku ni kigumu kwako. Nguruwe utamkuta hata asipotajwa kwenye jina la sahani, hasa "lardons", vipande vidogo vya nyama ya nguruwe yenye mafuta wanavyovinyunyiza kwenye saladi na supu. Carbonnade ni ng'ombe, lakini bia ndiyo mchuzi wenyewe. Kome wa "marinière" wamepikwa kwa mvinyo mweupe. Hata chipsi: desturi ya kaskazini ni kuzikaanga kwa mafuta ya ng'ombe, ambayo kwa kawaida si halali. Uliza "vous utilisez quelle graisse pour les frites?", maana wapo wanaotumia mafuta ya mimea.

Kinachobaki si kidogo, lakini. Bandari ya Boulogne-sur-Mer, inayoongoza Ufaransa kwa uvuvi, iko katika mkoa huuhuu, hivyo samaki ni wazuri: agiza "cabillaud" wa kuokwa au wa kukaangwa kwa siagi, na uulize kama mchuzi una mvinyo. Kwenye migahawa ya Kibretoni kuna "galette", chapati nyembamba ya ngano nyeusi yenye yai na jibini, nayo inashibisha. Zipo pia sehemu za kebabu na za kuskusi, na nyingi huandika "halal" mlangoni, paliponyamaza, uliza. Sentensi ya kukariri: "Je ne mange pas de porc et je ne prends pas d'alcool, même dans la sauce." Hayo maneno manne ya mwisho, yaani "hata kwenye mchuzi", ndiyo muhimu. Usiposema, watadhani unaikataa glasi tu.

Na asiyekula nyama?

Tarti ya Maroilles au ya liki, omleti, supu, galette. Saladi ya jibini ya mbuzi ni nzuri, ukishawaambia "sans lardons". Chicon au gratin inaonekana kama mboga, lakini ile mboga imeviringishiwa nyama ya paja la nguruwe. Kwa mafuta ya chipsi, rudi jibu la juu.

Tumemaliza kula nusu saa iliyopita na bili haiji. Wametubagua?

Swali hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu najua linakotoka, na ubaguzi upo duniani. Lakini kwa hili la bili, hapana. Mhudumu wa Kifaransa haleti bili mpaka umwombe, kwa kuwa kuileta ni sawa na kukuambia inuka. Meza uliyoipata saa moja usiku kwa kawaida ni yako hadi wafunge. Tazama meza za jirani: nao wana vikombe vitupu vya kahawa na bado wanazungumza. Ukitaka kuondoka, mtazame mhudumu na useme "l'addition, s'il vous plaît".

Kwa hesabu hiyohiyo, usije mgahawani ukiwa na treni baada ya dakika arobaini. Mlo wa mchana huchukua muda wa saa moja na nusu, wa usiku huchukua saa mbili au zaidi, na hawatakukimbiza wala kukimbia kwa ajili yako. Mama mmoja aliyenitembelea kutoka Mombasa aliichukia desturi hii siku ya kwanza. Siku ya tatu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama na koti mkononi, naye anasema kaa mwanangu, haraka ya nini.

Maji yanauzwa?

Ya chupa, ndiyo. Ya bomba ni bure na ni salama. Omba "une carafe d'eau". Sheria ya 2020 inawataka hata waandike kwamba maji ya bure yapo. Ukisema tu "de l'eau", unaweza kuletewa chupa ya euro tano. Mkate nao ni bure, na ukiisha unaomba mwingine.

Kahawa?

Huja baada ya kitamutamu, si pamoja na chakula, na "un café" ni kikombe kidogo cheusi kichungu. Mtu wa pwani aliyezoea kahawa ya barazani hatashangaa, atatafuta kashata tu. Kama huwezi kuchagua kitamutamu, agiza "café gourmand": kahawa na vitamutamu vitatu au vinne vidogo.

Bakshishi je?

Huduma imo tayari kwenye bei, ndiyo maana ya "service compris". Hakuna asilimia unayodaiwa juu yake. Ukifurahi, acha sarafu mbili tatu mezani, au euro tano kama mlikuwa wengi na watoto walimwaga juisi. Jamaa zangu wa Marekani huacha asilimia ishirini, na sijawahi kuona mhudumu akiikataa.

Niandae pesa kiasi gani?

Formule ya mchana, kama euro 15 hadi 22. Sahani moja ya kienyeji kwenye estaminet iko humohumo. Usiku, mtu mmoja akila vitu viwili na kunywa kitu, ahesabu euro 30 hadi 40. Kadi inapokelewa karibu kila mahali na mashine huletwa mezani. Kugawana bili inawezekana, ila semeni kabla hajaanza kupiga hesabu, si baada.

Pilipili ipo?

Hakuna. Ukiomba utaletewa pilipili manga, au haradali, ambayo ya kwao huwasha puani kuliko ulimini. Shangazi yangu husafiri na kichupa cha pilipili ya kusaga kwenye mkoba, na hukitoa chini ya meza kama mtu anayeficha kosa. Siku moja mhudumu alimwona, akaomba kuonja. Alirudi jikoni macho yamejaa machozi, akarudi tena na mpishi, naye anataka kuonja.

Naweza kuja na watoto?

Karibuni. Kuna "menu enfant", kwa kawaida kipande cha nyama ya kusaga au vidole vya samaki, chipsi na aiskrimu. Ile nyama ya kusaga inaweza kuletwa ikiwa ya pinki ndani hata kwa watoto, kwa hiyo sema "bien cuit". Watoto hutegemewa wakae kitini. Kukimbia kati ya meza hakuvumiliwi sana, leta karatasi na penseli za rangi.

Chakula kikibaki?

Tangu Julai 2021 mgahawa unalazimika kukupa chombo ukiomba. Wafaransa wengi bado wanaona haya kuomba. Sisi tusione.

Nimefika Jumatatu, kila mahali pamefungwa. Nifanyeje?

Tafuta kibanda cha chipsi, "friterie" au "baraque à frites". Chagua chenye foleni. Chipsi hukaangwa mara mbili, nje zinavunjika na ndani ni laini kama ugali wa moto, na juu yake unachagua sosi kutoka orodha ndefu kuliko menyu yenyewe. "Andalouse" ina nyanya na mayonezi. "Samouraï" ndiyo pekee yenye ukali wa kueleweka, shangazi aliipitisha. Soseji nyembamba inayoitwa "fricadelle" watu wa huku wenyewe hutaniana kwamba hakuna ajuaye kilichomo, basi kama una masharti ya chakula iache. Uwe na fedha taslimu, vingine havipokei kadi. Bonjour kwanza, hata kibandani, halafu ule umesimama kabla hazijapoa.